Jibu: Kuzingatia pumzi kuna ushahidi, au ni maneno tu?

Dada, umeuliza kama zoezi la kuzingatia pumzi lina ushahidi wa kisayansi, na mbona akili yako haitulii hata dakika mbili. Ushahidi upo, ila una mipaka. Uchambuzi wa mwaka 2014 uliokusanya majaribio 47 ya mazoezi ya kutafakari kwa utulivu (meditation), ambayo kuzingatia pumzi ni mojawapo, yenye washiriki 3,515 ulionyesha wasiwasi, huzuni na maumivu hupungua kwa kiasi, lakini mazoezi hayo hayakuonekana kushinda dawa wala mazoezi ya mwili. Anayekuambia litaponya kila kitu, usimsikize.

Akili kutangatanga ndilo zoezi lenyewe. Uko kwenye foleni ya feri Likoni, unaihisi hewa ikiingia puani, mara fikra zishafika kwenye kodi ya nyumba. Ukigundua, sema kimoyomoyo "nawaza", kisha rudi puani. Huko kurudi ndiko kunakofunza umakini. Kurudi mara 30 ndani ya dakika 10 si kushindwa hata kidogo.

Usivute pumzi kwa nguvu, kichwa kitazunguka, iache ijiendee. Pumzi ikikuzidishia hofu, fumbua macho, uhisi nyayo zako zilivyokanyaga chini. Hofu isipotulia, acha, umwone mshauri.