Ukienda Ziwa Kingsmere, ogopa maji kabla ya dubu

Kila ninapowaalika ndugu zetu wa hapa Saskatoon, Kanada, twende kupiga kambi kaskazini, swali la kwanza ni lile lile: "Na dubu je?" Dubu weusi wapo kweli katika Hifadhi ya Taifa ya Prince Albert, lilipo Ziwa Kingsmere. Ila mimi mgeni wangu humwanzia na maji.

Kingsmere limezungukwa na msitu wa misonobari, na kwa aliyekulia Mwanza au Kalemie linaonekana dogo. Usilidharau. Barafu huyeyuka Mei, hivyo hata Juni, jua likikuchoma mabega, maji bado ni ya baridi kali. Walimu wa usalama majini Kanada wana hesabu yao: dakika 1, dakika 10, saa 1. Ukitumbukia, dakika ya kwanza unahema ovyo na ni rahisi kumeza maji. Kisha una kama dakika 10 kabla mikono na miguu haijakataa kazi. Na kama saa 1 kabla hujapoteza fahamu. Kwa hiyo usiniambie wewe ni mtoto wa ziwani. Baridi hiyo humlegeza hata mwogeleaji hodari. Jaketi okozi livae na ulifunge, usiliweke chini ya kiti cha mtumbwi. Ondokeni asubuhi na mapema, fuateni ukingo, na upepo ukichafua ziwa, vuteni mtumbwi nchi kavu mkapike chai. Kungoja huko naona ni sehemu ya safari.

Wasiopenda mtumbwi wana njia ya miguu kando ya ziwa, yenye kambi kadhaa. Inaishia kwenye kibanda cha Grey Owl, Ziwa Ajawaan, kilomita 20 kwenda tu. Huyo alikuwa Mwingereza, Archibald Belaney, aliyejifanya Mhindi Mwekundu, akatetea wanyama wa msituni mpaka alipofariki mwaka 1938. Kaburi lake liko hapo hapo. Gawanyeni mwendo kwa siku kadhaa, na nguo za pamba ziacheni nyumbani, kwani zikilowa hazikauki upesi na usiku wa Julai nao una baridi yake. Chukueni za sufu. Mbu ni wengi mno. Nguo za mikono mirefu na chandarua cha kichwa vinasaidia kuliko dawa peke yake.

Sasa dubu. Anachofuata ni harufu. Chakula, dawa ya meno, sabuni, hata matumbo ya samaki, visikae hemani. Viwekeni mahali palipotengwa kambini. Tembeeni mkizungumza ili asishtuke, na dawa ya pilipili ya kupuliza ikae kiunoni, si ndani ya begi.

Samaki ni trauti wa ziwani na paiki. Paiki ana meno makali, funga waya mfupi kabla ya ndoano, la sivyo atakata mshipi. Kibali cha uvuvi cha jimbo hakitumiki humu. Nunua cha hifadhi pale Waskesiu, kijiji kilichomo hifadhini, kabla ya kuendelea. Na kagua sanduku lako la ndoano: vizito vya kuzamishia ndoano vya madini ya risasi vya chini ya gramu 50 ni marufuku, kwa sababu ndege wa majini wakivimeza hufa kwa sumu.