Kaa humohumo, pangisha sehemu nyingine: kuanza na nyumba unayoishi

Anayetaka kuanza kuwekeza kwenye nyumba jijini Dar es Salaam huambiwa anunue kiwanja pembezoni, ajenge, aweke wapangaji. Ushauri huo unamfanya alipe kodi anakoishi huku akijenga kwingine, na nyumba nyingi za namna hiyo husimama kwenye lenta miaka na miaka. Wepesi uko kwenye nyumba moja inayokulaza na kukulipa. Si jambo geni: nyumba ya vyumba sita yenye korido katikati, iliyojaa Kariakoo na Magomeni, ilifanya kazi hiyohiyo. Kilichobadilika ni kwamba mpangaji wa leo hataki kuchangia choo.

Kwa asiye na mkopo, na riba zetu zenye tarakimu mbili hazivutii, anza na kijumba cha nyuma: chumba, sebule, jiko dogo na choo cha ndani. Hamia kikishaezekwa na choo kikifanya kazi. Plasta na rangi vitakukuta ndani. Kodi uliyokuwa ukilipa ndiyo itaanza kununua tofali za nyumba ya mbele, utakayohamia na kumwachia mpangaji kijumba. Ila mchoro wa nyumba zote mbili upelekwe pamoja kuombewa kibali cha ujenzi, na uamue mapema njia ya mpangaji itapita wapi. Njia ya pembeni ya mita moja na nusu, yenye taa yake, inatosha. Mpangaji anayepita mbele ya dirisha lako la chumbani kila saa nne usiku atakuchosha kabla hajachelewesha kodi.

Shimo la maji taka liwe upande wa geti, gari la kunyonya lifike bila kuburuta mpira uani. Ukubwa wake upimwe kwa idadi ya watu watakaoishi humo wote, si familia yako peke yake. Hapo ndipo wengi hukwama: shimo la watu wanne linapopokea watu kumi na wawili, hujaa upesi, na kila masika unaita gari.

Ukitenganisha nyumba moja iwe mbili, ukuta wa kati upande mpaka kwenye bati. Mafundi wengi huuishia usawa wa dari, kisha gipsamu inafunika aibu. Sauti inapita juu kama vile hakuna ukuta, na mwizi naye anapita kwa kutoboa ubao mmoja. Ni kozi chache tu za tofali, lakini kuziongeza baada ya kuezeka ni balaa.

Umeme ndio mgomvi mkubwa. Kundi la D1 la TANESCO ni la mteja asiyezidi wastani wa yuniti 75 kwa mwezi, na yuniti ni shilingi 100 kabla ya kodi na tozo. Kundi la T1, la wanaozidi hapo, ni shilingi 292. Familia tatu kwenye LUKU moja ni vigumu kubaki D1, hivyo kila mmoja ananunua ghali hata yule mwenye taa mbili na feni. Omba mita kwa kila sehemu inayojitegemea. Kumbuka kodi ya majengo hukatwa kupitia LUKU, shilingi 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Ukiwa na mita kadhaa kwenye jengo moja, peleka namba zake kwa wanaosimamia kodi hiyo usikatwe mara mbilimbili. Kama uwezo ni wa LUKU moja, funga mita ndogo za kuhesabu yuniti, na bei ya yuniti itokane na risiti: pesa iliyolipwa igawanywe kwa yuniti zilizopatikana. Manunuzi ya kwanza ya mwezi toa kwanza ile kodi ya majengo, kwani ni deni la mwenye nyumba.

Maji ni hesabu fupi: watu 12 kwa lita 50 kila mmoja ni lita 600 kwa siku. Simtanki la lita 2,000 litawavusha siku tatu za mgao. Kodi ikijumuisha maji, andika hivyo. Isipojumuisha, weka mita.

Sasa pesa. Tuseme sehemu mbili zimekugharimu milioni 14 na kila moja inapangishwa 150,000. Usizidishe kwa miezi 12. Zidisha kwa 11, maana mpangaji akihama mwezi hupotea. Hiyo ni 3,300,000. Toa asilimia 10 ya kodi ya serikali kwenye pango, toa 300,000 ya koki, rangi na vitasa, inabaki 2,670,000. Pesa yako inarudi kwa miaka mitano na ushee, mbali na kodi usiyolipa tena wewe mwenyewe. Dalali akikuambia miaka miwili, muulize amehesabu matengenezo wapi.

Malipo ya miezi sita kwa mkupuo ni mazuri mpaka uyale mwezi wa kwanza. Weka kando kodi ya mwezi mmoja kwa matengenezo kabla hujagusa zilizobaki.

Kuhusu ndugu: akipanga, aandikiwe mkataba uleule na kodi ileile. Ukitaka kumsaidia, msaidie kwa njia nyingine.

Siku ya kukabidhi ufunguo, chukua nakala ya kitambulisho cha NIDA na umtambulishe mpangaji kwa mjumbe. Pita naye chumba kwa chumba, pigeni picha vioo, sinki na soketi, someni namba za mita ya umeme na maji, hesabuni funguo. Yote yaandikwe nyuma ya mkataba na kila mmoja asaini hapohapo, kabla mzigo haujashushwa kwenye gari.