Kabla ya kuuliza bei ya bima ya shamba, omba fomu ya madai

Anayeanza kilimo akifika kwenye bima, swali lake la kwanza huwa bei. Anazungukia kampuni tatu, anachukua ya chini, anatia saini. Ningekushauri uanzie mwisho: omba fomu ya madai. Humo ndimo utakapoona watakachokutaka siku mambo yakiharibika, yaani utoe taarifa ndani ya saa ngapi, uwe na vielelezo gani, nani anakuja kukagua na fedha zinatoka lini. Kampuni inayokuficha fomu hiyo mpaka ulipe kwanza, achana nayo.

Tuchukue mifugo. Ng'ombe mwenye bima kwa kawaida hutambulika kwa hereni ya sikioni. Akifa, kampuni itataka taarifa upesi, ripoti ya daktari wa mifugo, na mara nyingi hereni yenyewe. Mzoga nao hausubiri mtu. Mkaguzi akiwa mbali, na kampuni haipokei picha za simu, utalazimika kuufukia kabla hajatia mguu shambani, na madai yako yatakuwa yamefukiwa nao. Kwa hiyo muulize muuzaji: mkaguzi wenu wa karibu yuko wapi, na asipowahi mnapokea ushahidi gani? Jibu lake liandikwe. Na hereni ikidondoka, toa taarifa siku hiyohiyo. Hili watu hulisahau sana.

Kwenye mazao kuna bima za aina mbili kubwa, na wauzaji wengine hawakufafanulii unanunua ipi. Kuna ile ambayo mtathmini huja shambani kupima hasara yako mwenyewe. Halafu kuna bima ya fahirisi, ambayo hakuna anayekuja. Malipo hufuata kipimo fulani, kama mvua iliyorekodiwa na setilaiti au kituo cha hali ya hewa, au wastani wa mavuno ya eneo zima. Hii ya pili ni nafuu kuiendesha, kwa sababu hakuna gharama za kukagua shamba moja moja, na ndiyo sababu wakulima wadogo huuziwa zaidi.

Ila kinachoangaliwa ni kipimo tu. Tuseme mkataba unataja siku 30 za mazao kuchanua: malipo yanaanza mvua ikipungua chini ya milimita 60, na unalipwa yote ikiwa 20 au chini ya hapo. Ikinyesha 40, unapata nusu. Sasa fikiria zimenyesha 65, zote ndani ya siku mbili za mwanzo, udongo ukasombwa, kisha jua likawaka wiki nne. Mahindi yamekauka yakiwa wima, na hulipwi hata senti, kwa kuwa 65 imevuka 60. Dawa yake ni kuwaomba wakuonyeshe, kwa takwimu za miaka iliyopita za eneo lako, ni miaka ipi bima hiyo ingelipa. Ipeleke orodha hiyo kwa wazee waliolima hapo siku nyingi. Ikiwa miaka ya njaa wanayoikumbuka wao haimo, tafuta bima nyingine.

Majengo na mitambo ina mtego wake. Ghala lina mali ya milioni 10, wewe unalikatia bima ya milioni 6 ili ada ipungue. Moto unateketeza mali ya milioni 4. Unadhani utalipwa 4 zote, maana hazijafika 6? Mikataba mingi ina kipengele cha uwiano: umekinga asilimia 60 ya thamani, basi unafidiwa asilimia 60 ya hasara, yaani milioni 2.4. Na hapo bado hawajakata kile kiasi ambacho mkataba unataka ujibebee mwenyewe kwa kila hasara. Mtoa huduma mzuri hukuambia haya kabla hujauliza, hata kama yataiponza biashara yake.

Leseni hakikisha kwa mamlaka inayosimamia bima, na ada ilipe kwenye akaunti ya kampuni, usimpe mtu mkononi. Jua pia kwamba wakala huwakilisha kampuni, ilhali dalali wa bima anatakiwa kukuwakilisha wewe. Yeyote kati yao akikuambia usiandike kwamba bonde lako hufurika, ujue madai yako ameshayaua, maana kuficha jambo kama hilo kunaipa kampuni sababu ya kuukana mkataba.

Swali ambalo wageni hawaliulizi: nani anaikinga kampuni yenyewe? Ukame haupigi shamba moja, hupiga wateja wote kwa mpigo. Kampuni isiyo na bima mtawanyo ya kutosha, yaani bima ambayo yenyewe hujikatia kwa kampuni nyingine, inaweza kushindwa kulipa hata ikitaka.

Ukitafuta maoni ya wakulima wengine, usiishie kwa waliolipwa. Mtafute aliyekataliwa, umuulize kama alipewa sababu kwa maandishi na kama sababu hiyo ilikuwemo kwenye mkataba wake.

Haya yote yafanye mapema. Bima ya mvua kwa kawaida hufungwa kuuzwa kabla ya msimu, vinginevyo kila mtu angesubiri aone mawingu kwanza, na ya mifugo huwa na kipindi cha kungoja kabla magonjwa hayajaanza kukingwa. Ng'ombe aliyeanza kukohoa asubuhi hakatiwi bima mchana.