Wapi pa Kuificha Runinga: Majibu kwa Wasomaji

SWALI: Assalamu alaikum, mhariri. Naishi Kibokoni, Mji wa Kale wa Mombasa, katika nyumba ya mawe tuliyoachiwa na marehemu nyanya yetu. Sebule yake ni ndefu na nyembamba, juu ina boriti, na ukuta mmoja umejengwa zidaka ambamo bado nimepanga sahani na mabakuli yake. Mwaka huu mume wangu amenunua runinga ya inchi 55. Fundi aliyeletwa kuitundika alitoboa ukuta mara mbili, chokaa ikamwagika na kuacha shimo la kuingia ngumi, naye akaenda zake. Sasa runinga imekaa juu ya meza mbele ya zidaka, na kila mgeni akivuka kizingiti hulakiwa na kioo cheusi kabla ya kulakiwa nami. Mume wangu nampenda na mpira wake sitaki kumnyima. Naweza kuificha vipi bila kuiharibu nyumba? – Msomaji, Kibokoni

JIBU: Wa alaikum salaam, dada yangu. Ukuta wako umenisikitisha, kwa hiyo nitaanza nao. Nyumba za Mji wa Kale zilijengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa, na jiwe hilo ni jepesi na lenye matundu mengi, tofauti kabisa na zege. Drili ya kugonga huutikisa ukuta wa namna hiyo hadi plasta iliyo pembeni ikaachia. Shimo hilo lizibwe kwa chokaa na mchanga, wala usikubali saruji, kwa sababu saruji ni ngumu kuliko ukuta wenyewe na huufungia unyevu ndani, kisha baada ya misimu michache ya mvua huanza kubanduka pamoja na kile ilichokishika. Tangu hapo uzito wa runinga uushushe sakafuni, ukuta uachwe upumzike.

Kabla ya kumwita seremala, simama mlangoni kama mgeni na utazame jicho lako linaangukia wapi. Hapo panapoangukia jicho ndipo mahali pa zidaka za nyanya, na runinga inafaa kuhamia ukuta ambao mgeni huupa mgongo anapoingia. Hatua hii haina gharama, na kwa maoni yangu ndiyo nusu ya kazi yote. Upana wa vyumba vya zamani ulifuata urefu wa boriti za mikoko, ndiyo maana sebule nyingi hazizidi mita 3 kwa upana. Ukiiweka runinga kwenye ukuta mmoja mrefu na viti kwenye ukuta wa pili, mtazamaji atakuwa umbali unaofaa kabisa kwa inchi 55. Angalia tu isielekeane na dirisha, kwa kuwa mwangaza wa alasiri utajaa kwenye kioo.

Sasa kabati. Runinga yako ina upana wa takriban sentimita 123 na kimo cha takriban 71. Mwambie seremala aache nafasi ya ndani ya sentimita 145 kwa 95, ili kila upande na juu pawe na pumzi ya kutosha, na mgongo wa kabati uachwe wazi, kwani joto letu likiongezwa juu ya joto la mashine huvifupishia maisha vifaa vya ndani. Milango miwili ya kawaida ingekuwa na upana wa zaidi ya sentimita 70 kila mmoja, na katika sebule nyembamba ingempiga mtu magotini. Omba vipande vinne badala yake, viwili kila upande, vinavyokunjana kwa bawaba na kulala ubavuni mwa kabati vikifunguliwa. Katikati aweke mfaa mwembamba wenye nakshi, kama ule wa mlango wa nje, ufunike mwanya pale vipande vinapokutana. Kabati likifungwa litaonekana kuwa mlango mdogo ulio jamaa ya mlango mkubwa, na hapo halitakuwa tena sanduku la kufichia kitu.

Mbao ziwe za mvule au msaji, ambazo mchwa hawazipendi. Ubao wa unga wa mbao uliogandishwa ni rahisi, lakini unyevu wa pwani huufurisha kuanzia miguuni. Bawaba na skrubu ziwe za shaba nyeupe au chuma kisichoshika kutu, maana chumvi ya hewa yetu haina huruma. Ndani ya kabati, runinga ifungwe kwa mkanda imara kwenye fremu, hasa kama kuna watoto wanaopenda kuparamia, na kabati lenyewe liwe na kina cha kutosha na vitu vizito droo za chini ili lisipinduke.

King'amuzi kinahitaji fikira yake, kwa sababu miale ya rimoti haipenyi ubao. Kiweke sehemu ya chini ya kabati, nyuma ya mlango wa vijiti vilivyopitana kama wavu wa madirisha ya roshani. Hewa itapita, rimoti itafanya kazi, na waya zote zitajificha hapo. Usikikalishe juu ya kifaa kingine kinachopata moto.

Jambo la mwisho kwako: kabla ya kumlipa fundi salio lake, mwambie mumeo afungue na kufunga milango hiyo kwa mkono mmoja, usiku, akiwa amechoka. Ikiwa italazimu kiti kisogezwe au chetezo kiondolewe kwanza, basi milango itabaki wazi mwaka mzima na fedha zako zitakuwa zimepotea.

SWALI: Mimi nimepanga chumba na sebule ghorofani Tudor, na mwenye nyumba hataki kuona msumari ukutani. Runinga yangu ni ya inchi 43. Mfuko wangu ni mdogo. Kuna njia? – Kijana wa Tudor

JIBU: Ndugu yangu, njia ipo, na ni nzuri kuliko wengi wanavyodhani. Runinga yako haifiki mita 1 kwa upana, na leso (kanga) moja huwa na takriban sentimita 150 kwa 110, kwa hiyo leso nzima itaifunika bila kukatwa. Lakini tafadhali usiitupie juu ya runinga kama shuka. Mwombe seremala akuunganishie nguzo mbili nyembamba nyuma ya meza, na fimbo ya kupitia juu, leso ining'inie mbele ikiwa imeachana na kioo kwa upana wa kiganja. Itundike kwa ulalo wake, ili pindo lizunguke pande zote, mji, yaani sehemu ya ndani ya pindo, ukae katikati na jina, yaani maandishi yake, lisomeke sawasawa. Leso iliyotundikwa kichwa chini humsumbua kila mtu ajuaye kusoma. Unapotazama, ivute yote pembeni, usiache hata ncha ifunike matundu ya hewa wakati runinga inawaka.

Mkeka wa ukindu pia unafaa, uliofungwa kwa tepe mbili na kukunjwa kwenda juu jioni. Mimi binafsi ningechagua mkeka, kwa kuwa rangi zake zilizofifia hukaa vizuri na ukuta wowote.

SWALI: Je, runinga zinazoonyesha picha za sanaa zikiwa hazitazamwi zina faida? Na projekta je? – Mama wa Nyali

JIBU: Mama, runinga za namna hiyo ni nzuri kwa nyumba mpya. Samsung walianza kuuza The Frame mwaka 2017, nayo hukaa ukutani kama picha yenye fremu. Kumbuka kwamba picha hiyo hutumia umeme, na umeme ukikatika kioo kinarudi kuwa cheusi. Ukiinunua, weka picha za familia yako au za majahazi ya bandari ya kale, usitundike milima yenye theluji.

Projekta ni ya usiku. Mwangaza wa mchana wa Nyali huifuta picha hata mapazia yakifungwa, kwa hiyo inafaa nyumba isiyofungua runinga kabla ya magharibi.