Kukata meno ya umbo la almasi kwa tupa: niliyojifunza baada ya kuharibu vipande vitano

Wanaoona mipini yangu ya chuma huniuliza natumia mashine gani. Hakuna mashine. Ni tupa, jiliwa (kile kibanio cha chuma cha mezani) na mgongo unaouma.

Wayajua yale meno madogo ya umbo la almasi kwenye mshiko wa bastola, yanayouzuia kuponyoka mkono ukilowa jasho? Ndiyo hayo. Ni kazi ya mafundi wa bunduki, ila hapa Kenya usiguse bunduki ya mtu bila leseni. Sheria ya Silaha, Sura ya 114, haina mchezo. Mimi nayakata kwenye mipini ya visu. Kwa joto la Mombasa la Februari, mwenye kisu huona faida yake siku ile ile.

Tupa yenyewe si ya kawaida. Ina safu za meno zilizo sambamba, na hutajwa kwa idadi ya mistari kwa inchi: 20, 30, 40, hata 50. Madukani nilikozunguka sikuipata, nikaagiza nje. Anza na 20. Kutoka mstari hadi mstari ni milimita 1.27, kwa hiyo jicho linaona kosa mapema. Mimi nilijifanya fundi nikaanza na 30, na kipande cha kwanza kilitoka kama njia za kaa pale ufukweni.

Mzee aliyenifunza, karakana yake iko Majengo, alikitazama akacheka. Akaniambia, "Mwanangu, tupa haikukosea. Ilikufuata wewe."

Siri yote iko kwenye mikato ya kwanza. Paka chuma wino wa makapeni, kwaruza mstari mmoja ulionyooka kwa guniya (kile kipimo cha pembe mraba) na sindano ya chuma, kisha ubane bapa la chuma kando yake ili tupa iegemee. Ukishapata mifereji, ondoa bapa. Kuanzia hapo, kila unaposogeza tupa, safu moja au mbili za meno zikae ndani ya mifereji uliyokwisha kukata, na zilizobaki zikate mipya. Mifereji ya zamani ndiyo reli yako. Ndiyo maana mstari wa kwanza ukipinda, yote hupinda nyuma yake, na utakuja kugundua umefika mwisho.

Sasa hapa ndipo wengi wanapoharibu, nami nimo: usichimbe. Kwaruza juu juu tu mistari yote ya mwelekeo mmoja, halafu geuza ukate mistari ya pili inayoikatiza ile ya kwanza, juu juu vilevile. Simama. Kaa mbali, uangalie kwa mwanga wa kando. Mfereji usio na kina bado waweza kuuvuta urudi kwenye mstari; ukishazama, kosa hilo ni lako milele. Ukiridhika ndipo uzamishe, na umalizie mfereji mmoja mmoja kwa tupa ndogo ya pembetatu hadi kila jino lichongoke.

Sukuma mbele tu, ukirudi, inua. Paka tupa chaki ili unga wa chuma usigande kati ya meno, na uisugue kwa brashi ya waya kila baada ya mikato michache. Chembe moja iliyokwama huacha mchirizi mbaya usiofutika. Kwenye taya za jiliwa weka vipande vya alumini, la sivyo utapamba mpini kwa alama usizozitaka.

Vipande vya mazoezi mimi huvinunua kwa kilo kwa watu wa skrepa. Chagua chuma laini kilicho bapa. Mpini wa mviringo uache kwanza, maana tupa hugusa sehemu ndogo tu na hupenda kuyumba. Mimi nimeugusa baada ya miezi minne.

Na jioni ukiacha kazi, futa jasho lako lililobaki kwenye chuma, upake mafuta ya cherehani. Kipande changu cha tano kilikuwa kizuri kuliko vyote. Nilikiacha wazi usiku mmoja, dirisha la upande wa bahari likiwa halijafungwa, asubuhi nikakikuta chekundu hadi ndani ya mifereji.