Kuweka eksileta kwenye baiskeli ya umeme: anza na kontrola

Ukitaka baiskeli yako ya umeme iondoke bila kukanyaga pedali, usikimbilie kununua eksileta, kile kifaa cha kwenye usukani unachokivuta ili mota izunguke. Hicho ndicho kifaa rahisi kuliko vyote katika kazi hii, na ndiyo maana nyingi huishia kwenye droo zikiwa bado mpya. Kwanza fungua kontrola yako, kiboksi kinachoamua betri iipe mota umeme kiasi gani, uone kama ina mahali pa kuichomeka.

Mimi niliingia kwenye mambo haya kwa ajili ya goti. Kukanyaga kwenye tambarare hakunisumbui. Taabu ilikuwa kuondoka, hasa ukisimama kwenye mwinuko, mguu mmoja chini, mnyororo ukiwa bado kwenye gia nzito. Mota hapo haina msaada, kwa sababu inakusubiri wewe uanze. Kwenye baiskeli nyingi za kawaida, pembeni ya ekseli ya pedali kuna kisahani chenye sumaku ndogondogo, na mbele yake kihisi kinachoziona zikipita. Zisipopita, kontrola inajua umetulia, basi nayo inatulia. Ile robo duara ya kwanza unaisukuma kwa nguvu zako mwenyewe, na goti bovu hulalamika papo hapo.

Kuna baiskeli za aina nyingine zinazopima jinsi mguu unavyokandamiza pedali, siyo mzunguko tu. Hizo huondoka vizuri zaidi. Mwenye nayo ajiulize mara mbili kama kweli anahitaji eksileta.

Sasa kontrola. Baiskeli yenye mota kwenye habu, yaani kitovu cha gurudumu, na kontrola ya kawaida mara nyingi ina soketi ya eksileta tayari, yenye nyaya tatu, imefunikwa kifuniko cha mpira au imekunjwa ndani ya kiboksi. Mota za katikati, zinazokaa kwenye pedali, zinatofautiana sana. Bafang BBS02, kwa mfano, ina mahali pa kuchomeka eksileta. Mifumo ya Bosch na Shimano imefungwa: mota, betri na skrini vinatambuana kwa programu, na hakuna soketi ya kutafuta. Kama yako ni ya jamii hiyo, ushauri wangu ni uache. Ukitaka eksileta, tafuta baiskeli nyingine, maana kukata nyaya humo ni kuharibu kitu kizima.

Ukiikuta soketi, usiamini rangi za nyaya. Kwa kawaida nyekundu ni volti 5, nyeusi ni hasi, na kijani au nyeupe ndiyo inayopeleka ishara, lakini viwanda havikuapa kufuata hilo. Chukua multimita, kile kipimo cha volti. Pima kati ya nyekundu na nyeusi za soketi: unatakiwa uone karibu volti 5. Ukikuta volti za betri, hiyo siyo soketi ya eksileta, iache. Kisha zima, chomeka eksileta, nyanyua gurudumu lenye mota juu lisiguse kitu, washa, upime waya wa ishara dhidi ya hasi. Eksileta ikiwa imeachiwa, inasoma karibu volti 0.8 au 0.9. Izungushe taratibu sana na namba zinapanda bila kuruka, mpaka mahali fulani kati ya volti 3.5 na 4.2. Ukiiachia lazima zirudi chini mara moja. Eksileta inayobakia juu hata kidogo usiifunge, hata kama mota inazunguka vizuri.

Waya wa hasi ndio wa kuuogopa kuliko yote. Ukikatika huku nyekundu imeshika, ishara inaweza kupanda yenyewe, na kontrola isiyo na kinga ikaielewa kwamba umevuta mpaka mwisho. Kontrola nzuri hugoma ikiona volti zisizo za kawaida, lakini huwezi kujua yako ni nzuri kiasi gani mpaka siku hiyo. Kwa hiyo mimi sikubali eksileta bila swichi za kukata umeme kwenye mikono ya breki. Ukigusa breki, swichi inaiambia kontrola ikate mota, hata kama eksileta imekwama. Zipo za mikono mipya ya breki, na zipo za sumaku unazobandika kwenye mikono uliyo nayo. Ukiwa huna, zifunge kabla ya eksileta.

Unaweza kuunganisha kila kitu sawasawa na baiskeli ikakaa kimya. Mara nyingi tatizo ni mpangilio. Skrini nyingi zina menyu ambamo unachagua pedali peke yake, eksileta peke yake, au vyote viwili, na pengine kuna kipengele kingine kinachosema kama mota iruhusiwe kuondoka baiskeli ikiwa imesimama. Kikiwa kimezuia, eksileta itafanya kazi baada ya kukanyaga kidogo tu, jambo ambalo kwa mwenye goti kama langu halina maana yoyote. Chagua vyote viwili. Sioni faida ya kung'oa kihisi cha pedali. Barabarani ndicho kinachofanya kazi kubwa.

Kontrola isiyo na soketi wala mpangilio huo inabidi ibadilishwe, na hapo kazi inakua. Mpya lazima ilingane na volti za betri, mkondo wake usizidi kile ambacho betri inaruhusiwa kutoa, na plagi ya mota ifanane. Nunua pamoja na skrini yake, kwa sababu skrini ya zamani haitazungumza na kontrola ya ukoo mwingine. Kabla ya kuchomoa chochote, toa betri halafu bonyeza swichi ya kuwasha, umeme uliobaki ndani ya kontrola uishe.

Kuhusu chaji, hesabu mwenyewe. Betri ya volti 36 na ampea-saa 10 ina wati-saa 360. Ukikanyaga kwa wastani, kila kilomita inaweza kula wati-saa kama 10. Ukikaa tu na kuvuta eksileta, zinaweza kufika 18 au zaidi, yaani safari ya kilomita 36 inageuka 20. Joto nalo lipo. Mota inayolazimishwa kupanda mwinuko mkali kwa mwendo wa konokono hugeuza sehemu kubwa ya umeme kuwa joto, na zile za habu zenye gia za nailoni ndani huumia huko. Mimi huvuta kwa sekunde chache mpaka baiskeli ishike mwendo, kisha miguu inapokea.

Mvuto wa kuanzia sifuri pia huipinda ekseli kwa nguvu kuliko pedali ilivyokuwa ikifanya. Kaza nati za gurudumu la mota, na kama hakuna mkono wa chuma unaoizuia ekseli isizunguke kwenye fremu, weka. Hasa kama mota iko mbele na uma unaoshika gurudumu hilo ni wa aluminiamu.

Angalia na sheria ya unakoendesha. Katika Umoja wa Ulaya, baiskeli ya umeme isiyohitaji usajili ni ile ya wati 250 inayosaidia mpaka kilomita 25 kwa saa huku unakanyaga. Eksileta inayokupeleka zaidi ya kilomita 6 kwa saa bila pedali inakutoa kwenye kundi hilo. Majimbo mengi ya Marekani yanaikubali mpaka maili 20 kwa saa, sawa na kilomita 32.

Kwenye usukani, ninapendelea ya kubonyeza kwa dole gumba kuliko ya kuzungusha. Ya kuzungusha ni rahisi kuivuta bila kukusudia unaposukuma baiskeli ikiwa imewashwa, au unapoikamata isianguke. Ukishaifunga, zungusha usukani kulia na kushoto mpaka mwisho uhakikishe waya hauvutwi, uache nafasi ya kutosha shingoni mwa fremu, na plagi ielekee chini ili maji ya mvua yadondoke badala ya kuingia ndani.