Kabla hujanunua mashine ya kuprinti fulana, choma uzi kwanza

Jumatano usiku nilipata ujumbe kutoka Mwanza. "Dada shikamoo. Nimepata milioni mbili za kikoba. Kuna mtu ananiuzia ile mashine ya nane kwa moja pamoja na printa. Niichukue?"

Sikulala vizuri. Mwaka 2021 nilikuwa na swali hilohilo, ila sikuwa na wa kumuuliza. Basi namjibu hapahapa, maana najua mko wengi mnaotaka kuacha kuhangaika na ajira za watu na kuandika jina lenu juu ya mlango wa duka.

Mimi nilianza na hiyohiyo nane kwa moja, mashine moja ya joto ya kubania picha, yenye vipande vya kubadilisha. Duka lilikuwa Kariakoo, muuzaji mchangamfu, akaniprintia kikombe mbele ya macho yangu, picha ikang'aa, nikalipa. Kwenye boksi kulikuwa na bamba la fulana, la kofia, la sahani, na ya vikombe vya kila ukubwa. Nikachukua na printa ya tenki iliyokwisha kujazwa wino wa sablimesheni, ule unaoprintiwa kwenye karatasi kisha picha ikahamishwa kwa joto. Akiba ya miaka miwili ikaishia pale. Nilirudi Mbagala kwenye bajaji nimelikumbatia lile boksi kama mtoto.

Vikombe na fulana za kichen pati vilinipa moyo. Kisha kwaya moja ya jirani ikaniletea oda ya fulana 80. Mama mlezi wao alitaka kitambaa kizuri, kisichochemsha mwili. Nikaenda nikachagua pamba nzito nyeupe, nikijua nawatendea mema. Hakuna aliyeniambia, wala sikuuliza, kwamba wino wa sablimesheni ukipata joto hugeuka mvuke ukaingia ndani ya uzi wa poliesta. Kwenye pamba hauna pa kushika.

Fulana ya kwanza niliibana kwa nyuzijoto 190, sekunde 60. Nilipobandua karatasi, rangi ilikuwa hafifu na kitambaa kimeanza kuingia unjano pembeni. Nikasema tatizo ni karatasi. Nikaongeza joto, nikaendelea hadi alfajiri, zote 80.

Baada ya siku chache mama mlezi alikuja na kiroba. Akatoa fulana moja, akaitandaza mezani bila neno. Msalaba uliokuwa wa zambarau ulibaki kivuli cha kijivu, kama doa la chai lililosuguliwa. Ilikuwa imefuliwa mara moja tu. "Mwanangu," akasema, "Jumapili tuna tamasha." Afadhali angenifokea.

Nilikopa nikanunua fulana nyingine 80, nikampelekea mzee mmoja wa Manzese anayeprinti kwa fremu ya mbao na skwiji, ule mpira wa kusukumia rangi. Kabla hajagusa rangi, alichomoa uzi kwenye pindo la fulana akawasha kiberiti. Uzi ukawaka, ukatoa harufu ya karatasi, ukaacha majivu laini. Akachomoa mwingine kwenye jezi kuukuu ya poliesta iliyokuwa ukutani. Huo ulisinyaa, ukayeyuka, ukaganda ukawa punje ngumu nyeusi.

"Huu ndio wako," akaniambia. "Ule wa kwanza ni wangu."

Darasa zima la biashara hii nililipata pale, kwa njiti mbili za kiberiti.

Kwa hiyo mdogo wangu wa Mwanza, usichukue nane kwa moja. Fungua simu yako kwanza uangalie watu kumi wa mwisho waliokuuliza bei: walitaka nini? Kama ni vikombe na jezi za poliesta nyeupe, sablimesheni inakufaa, mradi vikombe viwe vile vilivyopakwa koti maalumu, maana kikombe cha kawaida cha dukani hakishiki picha. Kama wanataka fulana za pamba, hasa nyeusi, njia yako ni DTF, yaani picha inaprintiwa kwenye filamu kisha unaibana kwenye fulana kwa joto. Lakini printa ya DTF usiinunue sasa. Wino wake mweupe hutuama, na usipoprinti mara kwa mara unaziba kichwa cha printa. Mwenye oda mbili kwa wiki atakuwa anailea mashine badala ya mashine kumlea yeye.

Nunua mashine ya joto peke yake, ya bapa, sentimita 38 kwa 38, iliyo nzuri. Picha zako zipeleke kwa wanaoprinti DTF kwa mita, uletewe filamu, ubane mwenyewe. Mimi hubana kwa nyuzijoto 150 hadi 160, sekunde 15 hivi, na mwenye filamu ndiye hukwambia ibanduliwe ya moto au ikishapoa. Mtu akitaka fulana 200 za rangi moja, mpelekee mzee wa fremu, ukae na faida yako kwa amani.

Ukienda kununua, nenda na kipande cha poliesta nyeupe na karatasi ya sablimesheni iliyoprintiwa rangi moja nzito ukurasa mzima. Ibane palepale dukani. Kona yenye joto dogo itajitokeza yenyewe kwa kupauka. Yangu ya kwanza ilikuwa na kona ya chini kushoto ya namna hiyo, nami nilidhani ni mkono wangu. Muuzaji akikukatalia kujaribu, ondoka. Na umeme usiusahau: bamba la ukubwa huo hula wati 1,800 hivi likipasha, na ekstensheni ya bei rahisi itayeyuka. Yangu iliyeyuka.

Jamani, tuache kununua mashine kwa sababu ya video tulizoziona usiku. Fedha ya kikoba ni jasho la kina mama wenzetu, nayo hurudishwa na riba. Mimi baada ya ile hasara nilinunua kitu kimoja kimoja, na kila kimoja kililipwa na oda iliyokuwa tayari mkononi. Mwezi uliopita nilikabidhi fulana 300 za mahafali, na hakuna hata moja iliyorudi. Nilizihesabu mbili mbili zikiingia kwenye gari, machozi yananilenga.

Kwaya ile haijarudi kwangu. Kila mwaka huwa na fulana mpya, za kuprintiwa kwingine. Mama mlezi tukikutana sokoni namwamkia, ananiitikia marahaba kwa upole, ananiuliza hali ya watoto. Zile 80 hatujawahi kuzitaja.